Kuanzia Kwenye Jiwe Kubwa

Zamani niliwahi kuitwa kusikiliza ugomvi wa mpaka wa kiwanja, huku kwetu Mwanza. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wameandikiana karatasi, na mashahidi wakatia dole gumba. Karatasi ilisema kwamba kiwanja kinaanzia "kwenye jiwe kubwa" na kuishia "karibu na mwembe." Ndugu msomaji, kama umewahi kufika Mwanza utakuwa umeanza kucheka. Mji wote huu umekaa juu ya mawe makubwa, kila kilima kina yake, na ziwani pia yamesimama. Lipi ndilo lililouzwa? Na mwembe nao ulikwisha kukatwa kuni.

Wazee wa Kisukuma hawakufanya upuuzi wa namna hiyo. Walipanda minyaa. Ukifika kwenye minyaa unajua umefika, na jirani naye anajua, wala hapana haja ya kumwita msomi atafsiri. Leo nataka kusema juu ya wasomi wanaokataa kupanda minyaa, wakaita kukataa huko ni ujuzi. Ninawasema kwa ukali, lakini kwanza nikiri kwamba nami nilikuwa mmoja wao.

Jambo lenyewe ni maombi ya hataza, yaani ile hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda wa miaka kadhaa asitokee mtu wa kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Hataza ni mapatano. Mvumbuzi anaufundisha umma kazi yake waziwazi, na umma unampa ulinzi kwa muda. Maombi yake yana sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni maelezo, pamoja na michoro, ambayo hueleza kitu kinavyofanya kazi. Ya pili ni madai. Hayo madai ndiyo minyaa. Kilichomo ndani yake ni chako, na kilicho nje ni cha watu wote. Sheria yetu ya Hataza ya 1987 inataka madai yawe wazi, yawe mafupi, na yategemee yale yaliyofundishwa katika maelezo. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa sahihi München mwaka 1973, unataka mambo hayo hayo. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba uwazi ni anasa ya wazungu au ni ukaidi wa makarani wetu.

Sasa nieleze kosa langu.

Kule Igombe yupo fundi mmoja ambaye sitamtaja jina. Wavuvi wa dagaa, kama ujuavyo, huvua usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwavuta dagaa kwa mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai. Kisha zikaja taa za umeme zinazowashwa kwa betri ya volti 12, na wengi wakaziacha karabai kwa sababu ya bei ya mafuta ya taa. Lakini betri ndani ya mtumbwi si sawa na betri ndani ya gari. Wimbi likipiga, betri inateleza, vibanio vinaachia kichwa cha betri, cheche zinaruka, taa inazimika. Dagaa waliokuwa wamekusanyika wanatawanyika, na kazi ya saa tatu imepotea. Mvuvi akipapasa gizani kurudisha waya, pengine anaweka ule wa chanya kwenye hasi, na taa imekwisha.

Fundi wetu alitengeneza sanduku la mbao lenye mfuniko. Ndani ya mfuniko aliweka mabamba mawili ya shaba yenye springi nyuma yake. Ukifunga mfuniko, mabamba yanakandamiza vichwa vya betri, na ukanda wa tyubu ya baiskeli unaushika mfuniko usifunguke. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Akili yote ilikuwa katika jambo moja: kila bamba halikupigiliwa misumari. Lilikaa katika mfereji, likaachiwa nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Betri ikiteleza, bamba linaifuata. Nilipomwuliza siri yake alinijibu kwa maneno manne: "Mwalimu, linacheza lakini haliachii."

Mimi nilikuwa nimefundisha fizikia miaka mingi, na Kiingereza nakijua. Nikajitolea kumwandikia maombi. Nikasoma maombi mawili matatu ya makampuni ya ng'ambo kuhusu viunganishi vya betri, nikaona jinsi yalivyojaa maneno mapana, nikadhani ndiyo namna ya wakubwa. Nikaandika dai ambalo kwa Kiswahili lingesomeka hivi: "Mfumo wa kuunganisha betri, wenye viunganishi vinavyofaa, vilivyoshikizwa kwa uimara kwa namna yoyote ifaayo." Nikajisifu moyoni kwamba nimelifunika ziwa zima kwa wavu mmoja.

Baada ya muda majibu yakaja. Mkaguzi aliuliza maswali mepesi. Vinavyofaa kwa nani? Imara kiasi gani, na hupimwaje? Kuna tofauti gani kati ya mfumo huu na kibanio chochote cha gari kilichokazwa vizuri kwa spana? Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba mkaguzi hakutuonea hata chembe. Nilikuwa nimeandika neno "imara" juu ya kitu ambacho thamani yake yote ni kwamba si imara, kinacheza! Nililiondoa lile neno la fundi lililokuwa sahihi, nikaweka la kwangu lililokuwa la kisomi na la uongo.

Utasema, si ungesahihisha? Hapo ndipo uchungu ulipo. Madai huweza kurekebishwa, lakini huwezi kuingiza jambo ambalo halikuwamo katika maombi ya mwanzo. Na mimi, kwa kutaka upana, sikuutaja ule mfereji hata katika maelezo, wala nafasi ya bamba kucheza. Kuandika maombi mapya nako hakukuwezekana, maana fundi alikuwa amekwisha kuwauzia wavuvi masanduku yake mbele ya macho ya watu, na kitu kilichokwisha kujulikana si kipya tena. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali ya huyu iliisha na daftari likiwapo, kwa kuwa daftari lilikuwa limeandikwa vibaya.

Sasa niwageukie wajuzi. Hoja yao naijua, maana nilikuwa nikiisema: andika mapana, ili mshindani asipate upenyo wa kukuzunguka, ukitaja springi, yeye ataweka mpira. Hoja hii inapendeza masikioni, na si uongo wote. Mvumbuzi ana haki ya kudai zaidi ya sanduku moja alilolipiga randa. Lakini kudai mapana si sawa na kudai gizani. Shamba kubwa linaweza kuwa na minyaa pande zote.

Tena upana usio na mafundisho nyuma yake huanguka. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la taa ya umeme. Sawyer na Man walikuwa wamefanikiwa kutengeneza uzi wa taa kwa karatasi iliyogeuzwa makaa, lakini wakadai kila kitu chenye nyuzinyuzi kinachoweza kugeuzwa makaa. Edison kwa upande wake alikuwa amehangaika kujaribu maelfu ya mimea hadi akapata aina ya mwanzi. Je, mwanzi huo uwe mali ya waliochoma karatasi? Mahakama ilikataa. Waliodai nyuzi zote za dunia hawakuwa wamemfundisha mtu ni ipi inayofaa.

Wala usidhani mambo hayo yalikwisha na karne ile. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo ilikaa juu ya shauri la kipimo cha mapigo ya moyo, kati ya Nautilus na Biosig. Ugomvi ulikuwa juu ya maneno machache tu: kwamba vipande viwili vya kupokea umeme wa mwili vimewekwa kwa "kuachana nafasi." Nafasi kiasi gani? Majaji walisema dai lazima limjulishe mtu wa fani hiyo mipaka yake kwa uhakika wa kiasi kinachostahili. Shauri likarudishwa mahakama ya chini, na mwaka 2015 ikaamuliwa kwamba maneno yale yalitosha, kwa kuwa mtu wa fani angeweza kuitambua nafasi hiyo kutokana na hataza yenyewe na kazi ya kile kifaa. Hebu fikiri. Mahakama mbili kubwa na mawakili wasiohesabika, kwa ajili ya nafasi kati ya vipande viwili! Makampuni yale yaliweza kulipia utata huo. Fundi wa Igombe atalipa kwa nini, kwa debe la dagaa?

Hili ndilo ninalotaka wajuzi walisikie. Utata haumwumizi kila mtu sawasawa. Mwenye wakili hauogopi, pengine ndiyo silaha yake. Anaweka dai lenye ukungu juu ya viunganishi vya betri, kisha anakaa kimya. Fundi wa Kirumba anayekata shaba na kulehemu waya hawezi kujua kama amevuka mpaka au hajavuka. Asiyejua mpaka uko wapi hukaa mbali nao kwa hofu, na eneo lote analoliogopa linakuwa limetwaliwa bila kulipiwa. Hataza ikitolewa kwa maneno ya namna hiyo, ameibiwa jirani. Ikikataliwa, ameibiwa mvumbuzi. Anayepona siku zote ni mwandishi, ambaye amekwisha kupokea ada yake.

Sisemi kila neno ligeuzwe tarakimu. "Imara" ni neno zuri ukiongeza jinsi ya kuupima huo uimara, kwa mfano kwamba kiunganishi hakichomoki kikivutwa kwa uzito wa kilo 5. "Takriban" si dhambi kama maelezo yanaonyesha kupungua na kuzidi kunakoruhusiwa. Ninachokipinga ni neno lililowekwa makusudi ili lisishikike.

Na ipo habari ya lugha. Shirika la ARIPO kule Harare hupokea maombi kwa Kiingereza, na hilo si la kulibadilisha sisi kesho asubuhi. Lakini tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekipa Kiswahili nafasi ya kuwa lugha ya sheria na mahakama. Basi madai yaanze kuandikwa kwa lugha ya fundi, kwa maneno yake, mbele yake, ndipo yatafsiriwe. Kisha apewe fundi wa pili ambaye hajakiona kile kitu, asomewe maelezo, atengeneze. Akishindwa, maelezo hayajaiva. Halafu asomewe madai, aonyeshwe sanduku jingine, aulizwe: hili limo au halimo? Akikuna kichwa, rudi mezani. Jaribio hilo ni la siku chache, nami sikulifanya.

Nilikwenda Igombe kumtaka radhi. Alinipa kigoda, akaendelea kupiga randa. Akasema, "Mwalimu, uliniuliza linafanyaje kazi, nikakwambia. Hukuniuliza linacheza kiasi gani." Kisha akanipa ruhusa ya kuandika hapa yale ambayo nilipaswa kuyaandika pale, maana sasa ni mali ya kila mtu. Mfereji wa bamba uwe na urefu unaoliachia bamba milimita 12 za kwenda na kurudi, 6 kila upande; springi ilikandamize bamba kutoka juu, isilivute kwa ubavu.

Hayo ndiyo yote. Yameingia katika sentensi moja.