Sinema ya Mwalimu wa Yoga

Wasomaji wengine wametuuliza kama ni dhambi kutazama sinema ya mwaka 2014 juu ya Paramahansa Yogananda, ile inayoitwa Awake. Tunajibu: si dhambi. Mwenye kutaka aitazame, lakini asimeze kila neno kwa sababu tu muziki wake ni mtamu.

Mtu huyo alizaliwa Gorakhpur, India, mwaka 1893. Mwaka 1920 alivuka bahari mpaka Boston kuhutubia mkutano wa dini, na mwaka 1925 akaweka makao yake juu ya kilima cha Mount Washington, Los Angeles. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1946, na wangali wengi wanaokisoma.

Tuseme kwanza lililo haki. Amerika ilimtesa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1928 mkuu wa polisi wa Miami alimkataza kuhutubia. Sheria ya 1924 iliwafungia mlango watu wa Asia, na yeye alipata uraia mwaka 1949 tu. Wengi waliomdharau walikwenda kanisani kila siku ya Mungu. Sisi, ambao baba zetu walikatazwa kutembea usiku katika mtaa wa wazungu, tutamcheka namna gani?

Ugomvi wetu ni mwingine. Sinema hii ilitengenezwa kwa msaada wa Self-Realization Fellowship, chama alichokianzisha yeye mwenyewe. Kati ya wanaoshuhudia ndani yake wamo watawa wake, wanafunzi wake na wapenzi wake, hata mpiga gitaa George Harrison. Ni kama matanga: nani atasimama mbele ya jeneza na kutaja madeni ya marehemu? Matanga yana heshima yake, lakini hakuna hakimu anayekata kesi kwa maneno ya matanga.

Tazameni habari ya maiti yake. Alifariki tarehe 7 Machi 1952, na wafuasi husimulia kwamba mwili ulikaa siku 20 bila kuoza. Barua ya mtunza maiti ipo kweli. Lakini barua ile ile yasema kwamba mwili ulitiwa dawa usiku wa tarehe 8. Maneno hayo hayasimuliwi sana! Dada Anuarite wetu aliuawa Isiro mwaka 1964, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Katikati ya miaka hiyo mashahidi walihojiwa na maandishi yakapimwa. Masista wenzake walimpenda sana, lakini mapendo yao peke yake hayakutosha.

Kuna jambo zito zaidi. Katika altare za chama kile picha ya Yezu huwekwa pamoja na ya Krishna na ya waalimu wa Yogananda, kwa kuwa alifundisha kwamba Yezu na Krishna walihubiri kweli moja. Mhindu ana haki ya kusadiki hivyo. Lakini mkristu anaambiwa kwa upole kwamba hakuacha kitu, imani yake imepanuka tu. Siyo hivyo. Sisi twasadiki kwamba Mungu alishuka akatukomboa msalabani, mara moja kwa watu wote. Kriya Yoga yafundisha mtu kupanda mwenyewe kwa njia ya pumzi, maisha baada ya maisha. Je, hayo ni majina mawili ya kitu kimoja? Mtaguso wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba Eklezia haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Haukusema kwamba dini zote ni moja.

Barua ya Roma ya mwaka 1989 juu ya sala haikukataza kuchukua lililo jema katika njia za mashariki. Basi anayependa kunyosha mgongo na kupumua polepole kabla ya rozari, afanye. Lakini anayemtwaa Yogananda kuwa bwana wa roho yake, awaambie watu wa nyumbani kwake kwamba amehama.