Wauguzi wa Mbulu na Hanang: Funzo kwa Visiwa Vyetu

Wilayani Mbulu, Manyara, hospitali ya Kilutheri ya Haydom inahudumia watu tangu 1955, na wagonjwa wa Hanang nao huitegemea. Ina hata chuo chake cha uuguzi. Lakini kumsomesha muuguzi hakutoshi kumbakisha.

Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Nani angezihudumu? Utafiti kuhusu wafanyakazi wa afya vijijini Tanzania, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwa nini wengi hupendelea ajira ya Serikali: pensheni, uhakika wa kazi na nafasi ya kujiendeleza kimasomo. Mshahara peke yake si jibu.

Nasi wa visiwani tuzingatie. Twataka wake zetu wazalishwe na wanawake, basi turidhie pia mabinti zetu wasomee uuguzi na wapangiwe mbali na mji. Rufaydah al-Aslamiyyah (Radhiya Allaahu 'anhaa) aliwauguza majeruhi hemani Madiynah. Na kabla ya kumlaumu muuguzi aliyehama, tujiulize: kijijini kwetu alipata nyumba, usalama na njia ya kusoma?

Wa Allaahu A'lam.