Ulimi wa Askari Wakati wa Vita



Vijana hupenda kuuliza swali hili: Askari mwenye cheo akiona kwamba vita vinaongozwa vibaya, na watu wanakufa bure, je, anyamaze kwa sababu yeye ni askari, au aseme mbele za watu? Wapo wanaojibu upesi kwamba askari hana ulimi, kazi yake ni kutii. Wapo pia wanaojibu upesi kwamba haki isemwe popote na kwa sauti yo yote. Majibu yote mawili ni mepesi, na jambo lenyewe ni zito.

Wala si jambo la kambini peke yake. Nchi yetu ilipeleka askari Kagera na Uganda mwaka 1978 na 1979, na mwaka 2013 ikawapeleka wengine mashariki ya Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mzazi aliyemtoa mwanawe ana haki ya kutaka kujua kama mwanawe anaongozwa na mtu anayesikia shauri. Na mkulima ambaye vita vinapita shambani mwake ana haki kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hakushika silaha, wala hakuulizwa kama vije au visije.

Sisi wa Mbeya na Iringa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mkulima huyo. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland, ambayo leo ndiyo Malawi, yakautwaa mji wa Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Na mwishoni mwa Agosti mwaka ule ule yakaingia Iringa. Januari 1917 Jenerali Jan Smuts, amiri wa majeshi ya Kiingereza katika Afrika Mashariki, aliondoka kwenda London, na maneno yaliyosemwa huko yalikuwa kana kwamba vita vya huku vimekwisha. Kumbe vilikuwa vimebakiza karibu miaka miwili! Jemadari wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka kuingia Msumbiji Novemba 1917, akarudi mwaka 1918 kwa njia ya Songea na Ubena, akapita katika nyanda zetu hizi mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Aliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha siku kumi na nne zilizotangulia.

Majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wenyeji, na yote mawili yaliwachukua wanaume kuwa wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu ya wapagazi waliokufa hukaribia laki moja, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Je, maofisa hawakuyaona haya? Waliyaona. Gavana Heinrich Schnee na Lettow-Vorbeck walikwisha kuhitilafiana tangu 1914 juu ya kuiingiza nchi vitani. Na Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck, alitoa kitabu mwaka 1919, akakiri humo kwamba jeshi lile liliacha nyuma yake mashamba yaliyoharibiwa, ghala tupu na njaa. Yalikuwa maneno ya kweli na ya kijasiri. Lakini yalichapwa Berlin, kwa Kijerumani, baada ya vita kwisha. Na wenye ghala zile walikuwa wamekwisha kuzika watu wao.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Lawama ya askari juu ya vita hufaa inapowafikia wenye uwezo wa kutengeneza, wakati ambapo bado wapo wa kuokolewa. Ikichelewa, huwa historia. Ikitupwa ovyo, adui huiokota. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mlango wa kuipitishia uko wapi, na nani anaushika ufunguo?

Kisa kinachotufundisha zaidi katika Afrika Mashariki ni cha Uganda. Tangu mwaka 1987 kundi la Joseph Kony lilikuwa likipigana na serikali katika nchi ya Waacholi, kaskazini, na mzigo wa vita ukawaangukia raia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliingia katika shule ya wasichana ya Aboke, wakawateka wanafunzi 139. Naibu wa mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu, akaomba mpaka akarudishiwa 109. Thelathini wakabaki mikononi mwa waasi. Katika mwaka huo huo serikali ilianza kuwakusanya wanavijiji katika kambi. Haikuwa ajabu basi Bunge kutaka kujua vita vile vinaendeshwaje.

Tarehe 29 Novemba 1996 Meja Jenerali David Tinyefuza, ambaye wakati ule alikuwa mshauri wa Rais, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi na mambo ya ndani. Aliukosoa uendeshaji wa vita vya kaskazini, na magazeti yakayachapa maneno yake. Wakuu wa jeshi walichukizwa, ikasikika kuwa ataitwa ajieleze mbele yao. Mwanzoni mwa Desemba akamwandikia Rais barua ya kujiuzulu jeshini. Serikali ikamjibu kwamba ofisa haondoki jeshini kwa barua tu. Ziko kanuni, na lazima azifuate. Akaenda mahakamani. Aprili 1997 Mahakama ya Katiba ilimpa haki, kwa wingi wa majaji. Serikali ikakata rufani, na Januari 1998 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile: Tinyefuza alikuwa bado askari, na mwenye kutaka kutoka jeshini sharti apite njia iliyowekwa na sheria za jeshi.

Ni lazima tuseme na upande wa pili wa mtu huyu. Mwaka 1991, akiwa Waziri wa Nchi wa Ulinzi, yeye mwenyewe aliongoza operesheni kubwa katika sehemu zile zile za kaskazini, operesheni ambayo ililalamikiwa sana kwa ukali wake juu ya raia. Msomaji mwadilifu atauliza: mtu wa namna hii ana uso gani wa kuwalaumu wenzake? Swali ni la haki. Lakini ushahidi hupimwa pia kwa ukweli wake, hata kama aliyeutoa ana madeni yake. Kama tungengoja shahidi asiye na doa, vita vingi vingekwisha bila ya kupata shahidi hata mmoja.

Na nini kilifuata huko kaskazini? Vita viliendelea miaka kumi mingine. Kufika 2005 waliokuwa wakiishi kambini walikaribia watu milioni moja na laki nane. Mwaka huo uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader ulionyesha kwamba watu wapatao 1,000 kila wiki walikuwa wakifa zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa wakati wa kawaida. Na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyekuwa amepata kuwa mkuu wa jeshi zima, kwa habari ya askari hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila ya kuwapo watu wenyewe. Hebu fikirini kijiji kinachoambiwa kwamba kinalindwa na askari kadha wa kadha, kumbe baadhi yao wamo katika daftari tu!

Hatusemi kwamba lau maneno ya mwaka 1996 yangalisikizwa, haya yote yasingalitokea. Hilo ni katika mambo ya ghaibu. Tunalosema ni kwamba nchi inayomwita askari mbele ya Bunge, ikamtaka aseme kweli, kisha ikamfanya ajute kwa kuisema, imewafundisha maofisa wengine wote kunyamaza. Na ofisa aliyejifunza kunyamaza juu ya makosa ya vita, huyo atanyamaza pia juu ya askari hewa.

Mambo haya hayakuanzia Afrika. Mei 1918 Meja Jenerali Sir Frederick Maurice, aliyekuwa ametoka tu katika kazi ya kuongoza mipango ya vita huko London, aliandika barua katika magazeti, akatia jina lake, akisema kwamba Waziri Mkuu Lloyd George na mwenzake wamelieleza Bunge yasiyo kweli juu ya nguvu ya jeshi lililokuwa Ufaransa. Alijua kuwa amevunja kanuni. Bunge likajadili tarehe 9 Mei, Waziri Mkuu akashinda kwa kura, na Maurice akaondolewa jeshini. Miaka thelathini na mitatu baadaye, katika vita vya Korea, Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani alimwandikia mbunge mmoja barua ya kuipinga siasa ya Rais Truman, kwani yeye alitaka vita vipanuliwe juu ya Uchina. Barua ikasomwa Bungeni tarehe 5 Aprili 1951, na tarehe 11 Aprili Truman akamwondoa katika uamiri.

Watu wawili hawa huwekwa katika kapu moja, nao hawalingani. Maurice alisema: hesabu mliyopewa si sahihi. MacArthur alisema: uamuzi wa kupanua vita au kutovipanua niachieni mimi. La kwanza ni ushahidi, na mwenye kujua akiuficha amekhini. La pili ni kutaka kushika usukani ambao wananchi wamempa mwingine. Hata hivyo Marekani haikumziba MacArthur kinywa. Baada ya kuondolewa aliitwa mbele ya kamati za Seneti, majenerali wenzake wakaitwa kumjibu, mlango ukiwa umefungwa. Na maandishi ya maneno yao yakatolewa kwa magazeti baada ya kuondolewa yale ambayo yangemfaa adui. Siri ilihifadhiwa, na wananchi wakajua.

Sisi Waislamu tunacho kipimo cha zamani kuliko hivyo. Katika vita vya Badr, Mtume (s.a.w.) alipopiga kambi, Hubab bin al-Mundhir alimwuliza kwanza kama mahali pale pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai ya vita. Alipojua kuwa ni rai, akaeleza kwamba yafaa wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume akalikubali shauri lile, na kambi ikahamishwa. Hubab alisema kwa adabu, alisema kabla ya mapigano, na alikuja na njia iliyo bora. Lakini wengi wetu tukikisimulia kisa hiki humsifu msemaji tukamsahau msikilizaji. Kama amiri angekuwa ni mwenye kuona haya kugeuza amri yake mbele ya askari, adabu ya Hubab isingefaa kitu.

Kadhalika Qurani, katika aya ya 83 ya Suratun Nisaa, inawaonya wale ambao ikiwafikia habari ya amani au ya khofu huitangaza papo hapo, badala ya kuirudisha kwa wenye mamlaka wanaoweza kuichambua. Wapo wanaoitumia aya hii kuwafunga watu midomo. Nao waitazame vizuri: haikuamuru habari ifukiwe. Yataka ifikishwe kwa wenye kuichambua. Basi lazima wawepo hao wenye kuichambua, na mlango wao uwe wazi usiku na mchana. Maana ukifungwa, habari itatafuta dirisha.

Enyi vijana, siku hizi sauti ya ofisa mwenye kulaumu vita huwafikia katika simu zenu kabla hamjanawa uso. Msiipokee kwa shangwe, wala msiikatae kwa kuwa inaudhi. Ulizeni kwanza kama msemaji ametia jina lake na yuko tayari kujibu, au amejificha nyuma ya wengine. Tazameni kama anaeleza kosa linalowaua raia na askari, au anataja mahali askari walipo leo. Tazameni pia kama anataka kosa lirekebishwe, au anataka kiti cha aliyekosea. Habari ambayo hamwezi kuipima hivyo, iacheni. Msiipeleke kwa wengine.

Na nyinyi mlio na mamlaka, wazee wetu walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini vitani mkuu asiyesikia la mdogo, guu linalovunjika huwa la mtu mwingine: la askari aliyetumwa, la mpagazi, na la mama anayelima kando ya njia ya jeshi. Mwekeeni askari mahali pa kusema kweli bila ya kuhatarisha mkate wa watoto wake, ili asilazimike kuisema mahali pasipofaa.

Wazazi nao wana sehemu yao, na sehemu hiyo huanza nyumbani. Mtoto anayepigwa kila anapomwambia baba yake kwamba amekosea njia, atakua akijua kunyamaza au kutoroka. Na huyo huyo ndiye tutakayemkabidhi bunduki kesho, au tutakayempa cheo cha kuwaongoza wenzake. Tumzoeze tangu sasa kusema kwa adabu, na sisi tujizoeze kumsikia.

Mwenyezi Mungu awaepushe watu wetu na vita, na awape viongozi wetu masikio.

Wassalaam.