Jela Si Ngao ya Jina Jema

Jina jema hung'aa gizani, walisema wazee wetu, na neno lao halijachakaa. Mali ikipotea huweza kutafutwa ikapatikana, na nyumba ikiungua huweza kujengwa tena. Lakini mtu aliyesingiziwa wizi kijijini kwake huweza kuishi miaka mingi akitazamwa mikono kila aingiapo dukani. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu asemaye kuwa sheria haina budi kulinda heshima ya watu. Ugomvi wangu ni na wale watakao heshima hiyo ilindwe kwa pingu. Nashika kwamba kashfa ni deni baina ya mtu na mtu. Deni hulipwa, mdaiwa hafungwi kwa kulitamka neno.

Yafaa kwanza tujue pingu hizo zilitoka wapi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, katika siku za ukoloni. Kwa kifungu chake kilichojulikana kwa nambari 194, kuchafua jina la mtu lilikuwa kosa la jinai, na aliyetiwa hatiani aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Mkoloni aliondoka mwaka 1963, lakini kifungu kilibaki. Uingereza, ambako mawazo ya sheria hiyo yalizaliwa, ililifuta kosa hilo nyumbani kwake mwaka 2009. Sisi tuliendelea kulitunza kama mtu atunzaye kanzu kuukuu ya bwana aliyekwisha kwenda zake. Hatimaye, tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Wala uamuzi huo haukuwa wa pekee. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisikiliza shauri la Lohé Issa Konaté, mwandishi wa magazeti wa Burkina Faso aliyefungwa miezi kumi na miwili kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Mahakama ilisema kwamba kumfunga mtu kwa sababu ya kashfa ya namna hiyo ni kuvunja haki yake ya kusema.

Tuchukue mfano ili jambo hili lionekane wazi. Mkulima mmoja wa kahawa asema mbele ya wenzake kwamba mizani ya chama chao cha ushirika imechezewa, na kwamba mwenyekiti anajua. Ikiwa kashfa ni jinai, polisi watamchukua mkulima huyo usiku, atalala mahabusu, atatafuta mdhamini, na shamba litabaki bila mtu. Huenda mwishoni akaonekana hana hatia. Lakini wakati huo wakulima wengine wote watakuwa wamekwisha kujifunza kunyamaza, na mizani itaendelea kusema uongo. Ikiwa kashfa ni madai, mwenyekiti atakwenda mahakamani kwa jina lake mwenyewe, kabla ya miezi kumi na miwili kupita, na mkulima ataitwa alete ushahidi wake. Mizani italetwa mbele ya watu. Aliyesema uongo atalipa fidia. Aliyesema kweli atakwenda nyumbani, na wanachama watajua la kufanya.

Wapinzani wangu hawakosi hoja. Husema, "Maskini aliyekashifiwa hana fedha za wakili, polisi ndiye wakili wake." Hoja hii yasikika kama huruma, lakini na tuulize: ni nani aliye karibu na kituo cha polisi, maskini au mkubwa? Maskini akilalamika kwamba ametukanwa ataambiwa arudi kesho. Mkubwa akilalamika, jalada litafunguliwa siku ile ile. Kama mahakama za madai ni ghali, tuzifanye rahisi, tena tuwalazimishe waongo kukanusha na kuomba radhi mahali pale pale walipotolea uongo wao. Ugumu wa mlango mmoja si sababu ya kuvunja ukuta wa nyumba.

Husema tena, "Tajiri atakashifu watu, alipe, acheke." Hao hawajaisoma sheria. Sheria ya Kashfa ya Kenya inasema kwamba anayemsingizia mtu kwa maandishi kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, fidia yake haitapungua shilingi 400,000. Na kama ni kosa la kunyongwa, haitapungua shilingi 1,000,000. Hicho ni kima cha chini tu. Ni wachache wanaoweza kucheka mara mbili kwa bei hiyo.

Lakini mtu asidhani kwamba natetea ulimi usio na hatamu. Wako vijana wanaodhani kuwa uhuru wa kusema ni ruhusa ya kumvua mtu nguo hadharani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Lakini kifungu hicho hicho kinaukataza uhuru huo usifike kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na maneno ya chuki, na kinamwagiza kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Mahakamani, msemaji hujitetea kwa kuonyesha kwamba alilosema ni kweli, au kwamba alitoa maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma. Na mzigo wa kuuthibitisha ukweli huo uko juu yake yeye aliyesema. "Nilisikia" si ushahidi, wala "kila mtu anajua" si ushahidi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nasisitiza haya kwa sababu pingu zina tabia ya kurudi. Mwaka 2018, miezi kumi na mitano tu baada ya uamuzi wa Jaji Mativo, ilitungwa sheria ya makosa ya kompyuta. Kifungu chake cha 23 kilitaja habari za uongo zilizotangazwa kwa kujua, na ambazo huenda zikaharibu sifa ya mtu. Adhabu yake ikawekwa faini ya hadi shilingi 5,000,000, au kifungo cha hadi miaka kumi, au yote mawili. Miaka miwili ilikuwa imeondolewa kwa mkono mmoja. Kumi ikaletwa kwa mkono mwingine.

Ninyi msomao haya mtakuwa kesho makarani, mahakimu, waandishi na wajumbe wa Bunge. Mtaletewa tena sheria ya namna hii, nayo itakuwa imevishwa jina zuri: heshima, amani, adabu. Iulizeni swali moja tu: itakapotumika, ni nani atakayelala mahabusu, mwenye mizani au aliyesema kwamba mizani imechezewa?