Matembezi ya Jioni Si Uhuni: Meza Tunaitaka, Baa Hatuitaki



Kila msimu wa harusi mabiarusi hutuuliza yale yale: hina ichorwe siku gani, singo ianze lini, nguo ya usiku wa hina iwe ya rangi gani. Hayo hayatushindi. Linalotukera ni swali linalokuja fungate ikishakwisha, ndugu wamesharudi makwao na mume amesharudi kazini. Biarusi anauliza: "Jioni nikitaka kutoka na mume wangu, au na mashoga zangu wawili, tule kitu, tupunge upepo, tuzungumze, twende wapi?"

Katika mji huu wa Unguja, unaosifiwa kila pembe kwa mapishi yake, mwanamke wa Kiislamu anapewa majibu mawili tu. La kwanza: "Kaa kwako." La pili: "Panda darini kwenye ile baa, agiza juisi, nani atakuuliza?" Sisi tunayakataa yote mawili, na leo tunasema kwa nini bila ya kumung'unya maneno.

Jioni ya mjini ni ya nani?

Tembea Mji Mkongwe baada ya alasiri uone jinsi jioni ilivyogawiwa. Wanaume wana mabaraza. Pale Jaws Corner, mtaa wa Soko Muhogo, kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo, dhumna inagongwa, siasa na mpira vinachambuliwa mpaka usiku. Na karibu kila mtaa una baraza yake ya namna hiyo, Mji Mkongwe na Ng'ambo pia. Wageni nao wana ukingo wa bahari wa Shangani na madari ya majumba ya zamani, ambako jua likianza kuzama meza hujaa glasi. Mwanamke wa mji, aliyezaliwa humu na bibi yake akazaliwa humu, ana nini? Ana Forodhani.

Forodhani tunaipenda, mtu asitusingizie. Bustani ile ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa upya mwaka 2009, na hadi leo ni pahala ambapo mama mwenye buibui, mkwewe na wajukuu huweza kula Zanzibar pizza na kunywa juisi ya miwa bila ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini bustani moja haitoshi mji mzima. Mvua ikinyesha unatafuta ukuta wa kujibanza. Usiku wa sikukuu hata pa kutia mguu hapana. Na mara nyingi unakula umesimama, sahani mkononi, pochi kwapani, mtoto anakuvuta buibui. Huko ni kula kwa msafiri. Mtu aliyetoka ili akae azungumze na mwenzake anataka kiti na meza.

Kwa wanaosema "kaa kwako"

Hoja yao tunaijua: mwanamke mwenye haya haonekani mkahawani. Basi tunawauliza, huonekana wapi? Asubuhi tupo Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, tunapishana na wachukuzi na wauza samaki. Mchana tumebanana kwenye daladala. Tupo hospitali, skuli, benki na maofisini, tumepanga foleni moja na wanaume. Wako wenzetu wanaokaanga kachori na muhogo kandoni mwa barabara mpaka usiku ili watoto wao wapate kusoma. Hakuna anayewaambia warudi ndani. Mwanamke akisimama kuhudumia watu, anaitwa mchapakazi. Akikaa ahudumiwe yeye sahani moja ya biriani, ghafla pamezuka fitna! Hiyo si dini. Hayo ni mazoea ya kutaka mwanamke awe na mzigo mkononi kila anapoonekana.

Dini tuitazame. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya jirani wa Mtume (s.a.w.), Mfarsi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Alipika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akauliza kama Bibi Aisha (r.a.) naye amealikwa. Jirani akasema hapana, na Mtume akakataa kwenda. Akaalikwa tena, akauliza lile lile, akakataa tena. Mara ya tatu jirani alipokubali, waliinuka wote wawili wakafuatana mpaka nyumbani kwake. Mume ambaye kila jioni anakula mishikaki na rafiki zake, kisha akamletea mkewe kifurushi kilichopoa, aisome hadithi hiyo mara mbili.

Na wanaotuhofia macho ya wanaume, wafungue Surat An-Nur. Amri ya kuinamisha macho imewaanza wanaume, aya ya 30, ndipo ikaja kwetu, aya ya 31. Yetu imeongezewa stara, nayo stara hatuiachi msumarini tunapotoka. Ya wanaume je, wanakaa nayo barazani? Mtume (s.a.w.) aliwaambia masahaba waliozoea kukaa njiani kwamba njia ina haki yake: kuinamisha macho, kutoudhi wapita njia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kaka anayemsindikiza kila mwanamke kwa macho tangu kona mpaka kona, halafu akahubiri kwamba wanawake wamezidi kutoka, ajianze mwenyewe.

Wala kutoka jioni si jambo tulilolileta na simu za mkononi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza namna wanawake wa Unguja walivyokuwa wakitoka usiku kutembeleana, taa zikiwatangulia. Bibi zetu walijua kwamba moyo wa mtu unahitaji kubadilisha hewa.

Kwa wanaosema "agiza juisi tu"

Upande wa pili wako wenzetu wanaotuambia tuache ushamba. Darini pana upepo, pana machweo, picha zinatoka vizuri, na pombe anakunywa mwenyewe mgeni. Dada zetu hawa tunawapenda, ila hapa hatukubaliani nao hata kidogo.

Surat Al-Maida aya ya 90 haikutuambia tupunguze ulevi. Imetuambia tujiepushe nao. Na iko hadithi aliyoipokea Tirmidhi inayomkataza mwenye kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Wako wanaojitetea kwamba meza yao wao haina chupa, ya jirani ndiyo yenye chupa. Haya, tuwaachie hilo, tuingie jikoni.

Kinywaji kinachoandikwa kwenye menyu kuwa hakina kilevi, mara nyingi huchanganywa na mtu yule yule, kaunta ile ile, na pengine katika chombo kile kile. Michuzi mingi ya Kizungu ya nyama na ya samaki hutiwa mvinyo. Ile keki ya kahawa ya Kitaliano iitwayo tiramisu hutiwa mara nyingi ramu au mvinyo mtamu. Mafuta yanayokaangia chipsi zako huenda yamekaanga nguruwe asubuhi. Katika mkahawa mmoja tuliokwenda, tuliuliza kama mchuzi wa pweza umetiwa mvinyo. Mhudumu akacheka, akasema, "Kidogo tu, moto umeshaula." Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwetu ni tumbo letu na sala zetu.

Tueleweke. Hatuwasemi vijana wetu wanaofanya kazi katika hoteli za kitalii. Kisiwa hiki kinategemea utalii, na kila mmoja anajua hesabu yake na Mola wake. Wala hatuwasemi wageni, ambao wana dini zao na desturi zao. Tunachokisema ni kwamba biarusi wa Kiislamu, katika mji ambao karibu watu wake wote ni Waislamu, asilazimike kukaa ubavuni mwa kaunta ya pombe eti kwa sababu huko ndiko kwenye kiti safi, choo safi na upepo wa bahari.

Na asije mtu akatwambia kwamba bila ya pombe biashara ya ufukweni haiendi. Hoteli ya Tembo, pale Shangani, mchangani kabisa, imejulikana kwa miaka mingi kuwa haiuzi pombe, na wageni walikuwa wakifika. Inawezekana.

Kwa wenye hoteli za mtaani

Sasa tunakuja kwenu, kaka zetu na baba zetu wenye mikahawa ya Mkunazini, Mlandege, Michenzani, Kikwajuni na Mwanakwerekwe. Chakula mnachopika ndicho tunachokitaka: pilau, biriani, wali wa nazi na mchuzi wa pweza, urojo wenye embe ya kutosha, maharage ya nazi na chapati, mkate wa kumimina. Halali yake hatuna shaka nayo. Bei yake tunaimudu. Mbona basi hatukai kwenu?

Kwa sababu mmejenga kwa ajili ya wanaume tu. Mezani mbele, penye feni na dirisha, wamekaa wao. Tukiingia tunaoneshwa pembe ya nyuma iliyoandikwa "familia". Mahali pamoja tulipopelekwa, familia ilikuwa ni meza mbili nyuma ya pazia lenye madoa ya mafuta, ubavuni mwa mlango wa choo, moshi wa jikoni wote unatupitia sisi. Feni ilikuwapo, haifanyi kazi. Mhudumu alipotea mpaka tulipomwita mara nne. Bili ilikuja ile ile wanayolipa waliokaa dirishani. Stara tunaijua, tumelelewa nayo. Stara haina harufu ya choo.

Mkiulizwa mnasema wanawake hawaji, kwa hiyo hakuna haja ya kutengeneza. Lakini wanawake wanakuja, ila mnawahudumia mlangoni. Hesabuni vifurushi vinavyotoka kila jioni. Nani aliyeagiza? Ni mama aliyechoka kupika, ni mwalimu anayetoka kazini, ni biarusi asiyejua kaanga za mkwewe. Pesa yetu inaingia ndani ya hoteli yenu kila siku. Wenyewe ndio tunaobakia nje.

Tunachokitaka si makubwa. Tunataka upande wa meza za wanawake na familia wenye mwanga, feni inayozunguka na dirisha, ambao anayetaka pazia alivute na asiyetaka aliache. Tunataka choo safi chenye maji na kitasa kinachofunga, na pahala padogo pa kutandika msala magharibi ikitukuta. Tunataka bei ziandikwe ukutani, kwa sababu mwanamke aliyetoka na elfu kumi yake hapendi kubahatisha. Tunataka japo mhudumu mmoja mwanamke. Vijana wa kike wanaotafuta kazi mjini hawakosekani. Atakayetangulia kufanya hivyo atajaza meza zake kila siku tangu alasiri mpaka isha, saa ambazo nyingi ya hoteli zenu zinalala.

Na sisi wenyewe?

Tukishawasema wengine, tujiseme na sisi. Pesa ni yetu. Tukiendelea kulipa kimya kimya nyuma ya pazia chafu, pazia halitafuliwa. Mkienda pahala, nendeni wawili watatu, kaeni, agizeni kwa sauti ya heshima, na kama pana kasoro mwambieni mwenye hoteli kabla ya kulipa, si mkifika nyumbani. Palipo pazuri rudini, mpeleke mama zenu na mawifi zenu, mkamsifu mpishi. Mkiwa na shaka na chakula, ulizeni, na mkijibiwa kwa kicheko, simameni muondoke. Hakuna aibu katika kuuliza kinachoingia tumboni mwako.

Kwenu mabiarusi, hili mlizungumze na mchumba kabla ya kusoma nikaha, kama mnavyozungumza mahari na nyumba ya kukaa. Mwulize: jioni zetu zitakuwa vipi? Baraza ni siku ngapi, na mimi ni siku ngapi? Mwanamume mwema hatachukia swali hilo. Ndoa nyingi hazivunjiki kwa kosa kubwa. Hupoa kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, yeye yuko barazani na wewe uko na televisheni, mpaka mkikutana hamna la kuzungumza. Sahani moja ya urojo kwa wawili, kwenye meza safi, huwarudishia watu mazungumzo yao.

Na wewe kaka uliyesoma mpaka hapa kwa kuchungulia simu ya mkeo, hujachelewa. Leo baada ya magharibi, dhumna iache kwa wenzako, watampata wa nne. Mwambie mkeo avae, mtoke. Mkifika mkahawani na mkaoneshwa ile pembe ya nyuma, usinyamaze. Sema wewe kwanza: "Mke wangu atakaa dirishani."

Wabillahi tawfiq.