Presha leo, kusahau kesho: Ubongo wa uzeeni huanza kulindwa ukiwa na miaka 40

Mtaani neno ni moja, mambo ni mawili. Bosi akikubana, "ananipa presha". Zahanati wakikuta damu inasukuma kupita kiasi, "una presha". Tumeyachanganya hadi wengi wanaamini asiye na mawazo hana presha, basi hana haja ya kupima.

Kwa mtu anayezeeka, imani hiyo inaweza kugharimu kumbukumbu.

Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo ya utafiti kutoka vijiji 326 vya China. Walihusika karibu watu 34,000 wenye presha, wa miaka 40 na kuendelea. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa hapohapo kijijini walifundishwa kuanzisha na kurekebisha dawa za presha, kugawa mashine za kupimia nyumbani, na kushauri watu wapunguze chumvi, uzito na pombe. Vijiji vingine viliendelea na huduma za kawaida.

Baada ya miaka 4, visa vya demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, vilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kwenye vijiji vya kwanza.

Ubongo unalishwa na mishipa midogo sana. Presha ikikaa juu miaka 20, mishipa hiyo inakakamaa, mingine inaziba, na ubongo unakosa damu kidogo kidogo bila mtu hata kupooza. Familia inakuja kushtuka mama akiuliza swali moja mara ya tano. Jibu? "Ni uzee tu huo." Kwingine wanasema karogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi.

Hata kijijini

Usidhani ni ugonjwa wa mjini. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta karibu 7 kati ya 10 wana presha. Hawa ni watu wa ndizi na maharage, siyo wa chipsi.

Ila chipsi nazo zina kesi. Mkoani humohumo, watafiti wa KCMC na wenzao wa Uholanzi waliwabadilishia chakula vijana wa kiume 77. Walioacha chakula cha asili kwa wiki 2 tu wakala vya kukaanga na vya kusindikwa, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani. Walipima damu, siyo kumbukumbu, kwa hiyo tusikimbilie kusema ndizi zinatibu ubongo. Lakini uvimbe wa aina hiyo ukidumu unahusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari, na hayo yanauumiza ubongo.

Na wale wa "kula hiki usisahau" kwenye magrupu ya WhatsApp? Marekani walijaribu mlo maalumu wa ubongo kwa watu 604 kwa miaka 3. Matokeo yaliyotoka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na kundi la kulinganisha.

Mawazo nayo?

Orodha ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la Lancet ina vihatarishi 14. Vikidhibitiwa vyote, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia vingezuilika au kucheleweshwa. Msongo wa mawazo haumo kwa jina. Waliomo ni ndugu zake: presha, sonona, upweke, pombe. Mtu mwenye mawazo halali, anakunywa, anajitenga, anasahau dawa.

Hapo ndipo ushauri wa "mzee, punguza mawazo" unaponishinda. Zanzibar inatoa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 tangu 2016. Bara hakuna pensheni ya wote. Bibi anayelea wajukuu bila kipato atapunguza mawazo gani?

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000. Jeshi la kuwafikia wazee nyumbani ndilo hilo. Tofauti na China, kazi yao kubwa ni kuelimisha na kutoa rufaa. Hawaandiki dawa. Mzee akishaambiwa presha iko juu, safari ya kituo cha afya, nauli na foleni vinabaki kuwa juu yake, na dawa zenyewe ni za kila siku.