Taa ni ya Anayetembea

Nairobi haina jioni ndefu. Januari hadi Disemba, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja, na muda mfupi baadaye giza ni giza. Hakuna msimu wa kukuokoa. Anayetoka kazini Industrial Area saa kumi na moja na nusu, akarudi Eastlands kwa miguu, anaweza kumalizia safari yake gizani siku yoyote ya kazi, mwaka mzima.

Mtaa wetu, huku huku Eastlands, unajiandaa kupiga kura: tuweke taa kwenye njia ya miguu ya kando ya mto, ama tuiache ilivyo? Njia yenyewe ni kama kilomita moja. Vijana waliizoa taka, wakamwaga murram, wakapanda miti. Mchana ni bustani: wazee wananyoosha viungo, watoto wanafukuzana. Ikifika jioni inageuka barabara, maana ndiyo njia ya mkato kutoka stage hadi kwa nyumba. Kura yangu ni ya taa, na nitawajibu wanaozipinga mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza wanasema taa zitaleta vijana wa kukaa kaa, wavutaji na wapenzi. Jameni, hao wako hapo tayari, tofauti ni kwamba huwaoni. Na wawili waliokaa kwenye benchi saa mbili usiku wakibishana kuhusu mpira ni macho manne. Anayepiga watu ngeta hapendi macho. Anapenda njia tupu, na giza ndilo linaloifanya njia iwe tupu.

Wa pili wanauliza, kwani lazima mtu atembee usiku? Si apande matatu, ama aite boda? Swali hili huulizwa na mtu mwenye gari. Ripoti za usafiri za jiji hili zimesema kwa miaka kwamba takriban safari 4 kati ya 10 Nairobi ni za miguu. Wanaotembea hivyo hawafanyi mazoezi. Wamepiga hesabu, wakaona fare ya mwezi ni unga na tokeni za stima. Sasa mwangalie msichana anayetoka chuo saa moja jioni. Kwa sababu ya giza anazunguka na barabara kuu, robo saa zaidi, ama anatoa pesa ya boda ambayo hana. Yaani giza lina bili. Ni vile tu wewe huilipi.

Halafu swali hilo lina babu yake. Enzi za ukoloni kulikuwa na sheria za kumzuia Mwafrika kuonekana mjini usiku bila pasi. Anayetembea gizani alikuwa mshukiwa kwanza, mtu baadaye. Pasi zilikwisha, lakini fikra zimebaki. Bado tunamuuliza mtu mzima, anayerudi kwake baada ya kazi, anatafuta nini nje saa hizi.

Wa tatu wanalia gharama. Haya, tupige hesabu. Chukua taa 40 za LED, kila moja wati 20, ziwake saa 7 kwa usiku. Hiyo ni uniti 5.6. Hata tukisema uniti ni shilingi 30, ni shilingi 168 kwa usiku, kama 5,000 kwa mwezi. Zikigawanywa na nyumba 200, ni shilingi 25 kwa nyumba. Chapati moja na chenji. Najua nguzo na nyaya ndizo ghali, na najua nyaya huibwa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limetaja taa za barabarani, kwa jina, kama kazi ya kaunti. Kwa hivyo kabla ya kupitisha kofia kwa majirani, tujae kwenye vikao vya wananchi kuhusu bajeti na tudai nguzo. Huo si msaada wa mheshimiwa, na tafadhali asije kuupigia picha.

Wa nne wana hoja, na sitawabeza. Wanasema mto umeanza kupumua: kuna vyura, kuna popo, kuna wadudu wanaohitaji usiku uwe usiku. Ni kweli. Mwanga mweupe mkali huvuta wadudu wakazunguka taa hadi wakachoka, na popo wengine hukwepa mahali penye mwanga. Lakini hoja hii haisemi tusiweke taa. Inasema tuchague taa kwa akili.

Na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wanaounga mkono. Wengi wao wanataka mlingoti mmoja mrefu, ile mulika mwizi tunayoijua kutoka mitaa ya mabanda. Lisikilize jina lenyewe: linataja mwizi, halimtaji mama mboga anayefunga kibanda. Ni taa iliyowekwa juu angani kutuchunguza, si chini kutuonyesha njia. Inamwagia mwanga mabati na madirisha ya watu wanaotaka kulala, halafu nyuma ya kila mti na kila ukuta inaacha kivuli cheusi tititi, mahali pazuri kabisa pa kujificha. Na siku ikizima, mtaa mzima umezima.

Mtu ataniambia minara hufanya kazi. Kweli. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa katika makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakakuta uhalifu mkubwa wa nje usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Huo ni ushahidi wa kumnyamazisha anayesema taa ni urembo tu. Lakini ile minara iliwashwa usiku baada ya usiku. Huku kwetu lazima tuchague kitu ambacho kikiharibika kipande, kingine kinabaki. Nguzo 40 fupi zikipoteza 3, bado una njia. Mlingoti mmoja ukipoteza fyuzi, una stori tu.

Kwa hivyo naomba tupigie kura hivi. Nguzo fupi, za urefu ambao fundi wa mtaa anaufikia kwa ngazi. Mwanga wa manjano, si mweupe wa hospitali. Kofia juu ya kila taa, mwanga uanguke kwa murram, usiende kwa mto wala kwa chumba cha mtu. Taa zikaribiane zaidi kwenye kona na kwenye daraja, pale ambapo moyo huanza kwenda mbio. Ziwake giza linapoingia, zizimwe saa tano usiku, ziwake tena saa kumi alfajiri, manake kuna watu wa mjengo na wa soko wanaotoka kabla jogoo hajawika. Katikati ya hapo popo nao wapate usiku wao.

Kipimo cha taa nzuri ni rahisi: mtu akija mbele yako, uone uso wake mapema, umtambue ni jirani, umwambie "sasa" na upite. Kuona kivuli kinachosogea hakutoshi. Mtaa unaanzia kwenye salamu kama hiyo, na gizani watu hawasalimiani.

Kura ni Jumamosi. Anayetaka kupiga hapana ana haki yake. Ninamwomba tu kitu kimoja kabla ya hapo: aitembee njia hiyo kutoka stage hadi kwake, saa mbili usiku, peke yake, bila kuwasha tochi ya simu.